TPS Ikikaribia Kufutwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanaoishi Marekani kwa Hadhi ya Ulinzi wa Muda, ambayo kila mtu huiita TPS. Walengwa wakuu ni Wasomali na Wasudani Kusini, kwa kuwa wengi wao walikulia Dadaab, Kakuma, Nairobi au Kampala na Kiswahili ni lugha yao ya kila siku. Wenye ruhusa ya kuingia kwa sababu za kibinadamu (parole) watapata pia yanayowahusu. Haya ni maelezo ya jumla. Faili lako lina mambo yake, na wakili atakayelisoma ndiye atakayekupa jibu la mwisho.

TPS hufutwaje? Inaweza kukatika ghafla?

Sheria ya TPS ni ya mwaka 1990. Waziri wa Usalama wa Ndani hutangaza nchi kwa miezi 6, 12 au 18, na angalau siku 60 kabla ya muda kwisha anatakiwa aamue kama ataongeza au atafuta. Uamuzi huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, Federal Register. Ufutaji hauwezi kuanza kazi kabla ya siku 60 tangu notisi ichapishwe, wala kabla ya siku ya mwisho ya muda uliokwisha kutangazwa. Kati ya hizo mbili hufuatwa tarehe iliyo mbali zaidi.

Siku 60 ni chache mno. Kupata nakala ya faili lako serikalini peke yake kunaweza kula muda wote huo. Kwa hiyo anza sasa, wakati kadi yako ya kazi ingali hai, usingoje tangazo.

Ufutaji si jambo geni kwa watu wa Afrika Mashariki. Wanyarwanda walipewa TPS mwaka 1994 ikaisha mwaka 1997. Warundi waliipata Novemba 1997 ikafutwa Mei 2009. Somalia imekuwa nayo tangu Septemba 1991, na muda uliotangazwa mwaka 2024 ulipangwa kuishia 17 Machi 2026. Kwa Sudan Kusini, iliyopewa mwaka 2011, notisi ya kufuta ilitoka Novemba 2025 ikilenga 5 Januari 2026, kisha siku chache kabla ya tarehe hiyo jaji wa shirikisho huko Massachusetts akaizuia kwa muda.

Jaji akizuia, si tumepona?

Hapana. Amri ya kuzuia hununua muda tu. Wavenezuela walishinda mbele ya jaji wa California mwaka 2025, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu ufutaji uendelee, kwanza Mei halafu tena Oktoba. Fuatilia ukurasa wa nchi yako kwenye tovuti ya USCIS, idara ya serikali inayopokea maombi ya uhamiaji, kwa sababu ndipo panapoandikwa kama kadi zimeongezewa muda na hadi lini. Chapisha ukurasa huo wenye tarehe umpe mwajiri. Ujumbe wa sauti unaosambazwa WhatsApp haumsaidii mwajiri wala ofisa wa leseni.

Siku TPS inapoisha, mimi ninakuwa nani?

Unarudi ulivyokuwa kabla yake. Kama ulikuwa na viza ya mwanafunzi ambayo bado hai, unabaki nayo. Kama umepata hadhi nyingine katikati, unabaki na hiyo. Kama hukuwa na kitu, huna kitu, na saa ya kukaa bila ruhusa inaanza kuhesabu.

Jambo linalowaumiza wengi ni amri ya zamani ya kuondolewa nchini. Mtu alinyimwa hifadhi mwaka 2003, jaji akaamuru aondoke, kisha akapata TPS na akaishi kwa amani miaka ishirini. TPS haikuifuta amri ile, iliizuia isitekelezwe tu. TPS ikiisha amri inaamka, na mtu huyu anaweza kukamatwa na kusafirishwa bila kumwona jaji tena. Wa aina hii awe wa kwanza kwenda kwa wakili, kwa sababu dawa yake ni ombi la kufungua kesi upya, na ombi hilo huandaliwa kwa wiki nyingi. Vilevile walio na kesi zilizowekwa kando bila kuamuliwa: serikali inaweza kuomba zirudishwe mezani.

Nitajuaje kama nina amri ya zamani?

Tafuta namba yako ya A. Ni tarakimu 9, iko kwenye kadi ya kazi na kwenye barua zote za USCIS (kama yako ina 8, weka sifuri mbele). Piga 1-800-898-7180, simu ya mahakama za uhamiaji inayojibiwa na mashine, au tumia ukurasa wa mahakama hizo wa kuangalia kesi mtandaoni. Ingiza namba. Mfumo ukisema hakuna kesi, hiyo ni dalili njema lakini si uthibitisho: kesi za zamani sana huenda hazimo. Ukikuta kesi, andika tarehe ya kikao, jina la mahakama na uamuzi.

Baada ya hapo omba faili lenyewe. Maombi ya kuona kumbukumbu zako USCIS hufanywa mtandaoni. Mahakama ya uhamiaji ina maombi yake, na polisi wa mipakani wana yao. Ni maofisi tofauti, ukiomba moja hujaomba zote. Kama uliwahi kushikwa na polisi, hata ukaachiwa siku ileile, agiza rekodi yako FBI: unatuma alama za vidole, ada ni dola 18. Chukua pia hukumu yenye mhuri kutoka mahakama iliyosikiliza kesi. Kosa moja kubwa la jinai au makosa madogo mawili yanatosha kumnyima mtu TPS, na yanagusa karibu kila ombi lingine.

Naweza kuomba hifadhi ya ukimbizi, hata kama nimekaa miaka mingi?

Mara nyingi ndiyo. Kanuni ya kawaida ni kuomba ndani ya mwaka mmoja tangu uingie. Lakini aliyekuwa na TPS, parole au hadhi nyingine halali anaweza kusamehewa ucheleweshaji, mradi aombe katika muda wa kuridhisha baada ya hadhi hiyo kwisha. Hakuna idadi ya siku iliyoandikwa. Miezi sita kwa kawaida huonekana ni kuchelewa, kwa hiyo usijipe zaidi ya wiki chache.

Kuna mtego hapa. TPS husamehe kipindi ulichokuwa nayo tu. Aliyeingia mwaka 2015, akakaa miaka mitatu bila hadhi yoyote ndipo akapata TPS, atatakiwa kueleza ile miaka mitatu. Maelezo yapo (ugonjwa mzito, utoto, hali mpya nyumbani), ila yanataka ushahidi.

Huna haja ya kungoja TPS ife. Unaweza kuwasilisha fomu I-589, ya kuomba hifadhi, leo. Tena kuna faida: ukinyimwa na ofisa huku TPS yako ingali hai, kwa kawaida unabaki na TPS yako. Ukinyimwa huna hadhi, faili linapelekwa kwa jaji wa uhamiaji na kesi ya kukuondoa inaanza.

Usiombe kwa sababu tu kadi inaisha. Hifadhi hutolewa kwa anayeogopa kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, uraia, msimamo wa kisiasa au kundi fulani la kijamii. "Nchini kuna vita" haitoshi. "Watu wa ukoo wangu waliuawa na kundi hili mwaka fulani, na mimi nilitajwa kwa jina" ndilo jibu linalosikilizwa. Ofisa atalinganisha maelezo yako na kila ulichowahi kuandika: fomu ya viza ya Nairobi, mahojiano ya UNHCR kambini, fomu ya TPS ya kwanza. Tarehe zikigongana, kesi inaharibika, na aliyekujazia fomu kwa haraka hatakuwepo kukutetea.

Tangu Julai 2025 kuna ada ya kuwasilisha, iliyoanza kwa dola 100, na nyingine ya kila mwaka ombi likiwa bado halijaamuliwa. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 USCIS imeacha kwa jumla kupokea hundi na mani oda kwa fomu za karatasi. Unalipa kwa kadi kupitia fomu G-1450, au kutoka akaunti ya benki kupitia G-1650. Bahasha yenye hundi hurudishwa, na wiki zilizopotea hazirudi.

Nimeoa au nimeolewa na raia wa Marekani. Si nimeokoka?

Inategemea uliingiaje, na hili ndilo swali la kwanza wakili atakalokuuliza. Aliyeingia kwa viza akakaguliwa uwanja wa ndege anaweza kuomba ukaazi wa kudumu akiwa hapahapa kupitia mume, mke au mtoto raia aliyefika miaka 21, hata kama viza iliisha zamani. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa hawezi kwa njia hiyo. Mahakama ya Juu ilisema Juni 2021, katika kesi ya Sanchez dhidi ya Mayorkas, kwamba kupewa TPS si kuingizwa nchini kihalali.

Kuna walioingia bila kukaguliwa lakini baadaye wakasafiri kwa ruhusa ya TPS na kurudi wakakaguliwa. Kwa sera iliyotolewa Julai 2022, kurudi huko huhesabiwa kuwa kuingia kihalali. Wewe ukiwa mmoja wao, tafuta karatasi ile ya ruhusa na muhuri wa uwanja wa ndege uviweke kama dhahabu. Sera hubadilishwa kwa kalamu, kwa hiyo mwenye njia hii asilaze ombi lake.

Ndoa ya karatasi iache kabisa. Ikigundulika, hutapitishwa ombi lolote la familia tena, hata ukija kuoa kwa dhati.

Kuna njia nyingine?

Zipo, na kila moja ina mlango mwembamba. Aliyedhuriwa na uhalifu akasaidia polisi anaweza kuomba viza ya U, ila zinatolewa 10,000 kwa mwaka na foleni ni ya miaka. Aliyesafirishwa au kufanyishwa kazi kwa nguvu ana viza ya T. Anayepigwa na mume au mke raia, au mwenye grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), anaweza kujiombea bila mwenzake kujua.

Watu huulizia sana "ile ya miaka kumi". Ipo, lakini haiombwi posta. Ni utetezi mbele ya jaji wakati kesi ya kukuondoa imeshaanza. Unathibitisha miaka 10 mfululizo nchini, tabia njema, na kwamba mke, mume, mzazi au mtoto aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata taabu ya kupita kiasi cha kawaida ukiondoka. Kutengana na watoto peke yake hakutoshi. Mtoto mwenye ugonjwa unaotibiwa huku na usiotibika kule, hapo unazungumza lugha ya jaji. Nafasi ni 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Hesabu ya miaka husimama siku unapokabidhiwa wito kamili wenye tarehe, saa na mahali pa kikao.

Mimi ni Mkongomani niliyeletwa kama mkimbizi. Hili linanihusu?

Kongo haijawahi kuwa na TPS. Wewe uliyekuja kupitia UNHCR na kupewa makazi una hadhi ya ukimbizi, ambayo haiishi kwa tarehe. Lakini sheria inakutaka uombe ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, kwa fomu I-485, ambayo kwa wakimbizi haina ada. Wako watu waliokaa miaka sita bila kuipeleka kwa kuwa hakuna aliyewasukuma. Ipeleke. Kwa hali ya sasa, mkimbizi asiye na grini kadi anaweza kuulizwa maswali ambayo hangeulizwa zamani.

Kazi yangu je?

Tazama upande wa mbele wa kadi yako ya kazi, kuna sehemu ya kategoria. A12 au C19 maana yake kadi imetokana na TPS, nayo inakufa na TPS hata kama tarehe iliyochapishwa ni ya mbele. C08 ni ya ombi la hifadhi, C09 ni ya ombi la grini kadi. Hizi hazifi kwa sababu ya TPS.

Ndiyo maana mwenye ombi jingine awasilishe fomu I-765, ya kuomba kadi ya kazi, kwa msingi wa ombi hilo mapema. Kwa utaratibu uliopo, mwombaji wa hifadhi huweza kuomba kadi siku 150 baada ya kuwasilisha I-589, na haitoki kabla ya siku 180. Hesabu: ukisubiri TPS ife ndipo uombe hifadhi, una nusu mwaka bila mshahara halali, ukiwa na bahati. Ile nyongeza ya moja kwa moja ya siku 540 kwa wanaohuisha kadi nayo iliondolewa kwa maombi mengi yaliyopelekwa kuanzia 30 Oktoba 2025, kwa hiyo omba kuihuisha mapema, miezi sita kabla kama unaruhusiwa.

Mwajiri ana haki ya kukagua upya kadi inapofika tarehe ya mwisho. Hana haki ya kukuchagulia hati ya kuleta, wala kukufukuza kabla ya tarehe kwa kuwa amesikia habari kwenye televisheni. Akifanya hivyo, Wizara ya Sheria ina kitengo cha haki za wafanyakazi wahamiaji kinachopokea malalamiko. Namba yako ya Sosho Sekyuriti ni yako maisha yote, ila kadi ya wenye TPS ina maandishi kwamba ni halali kwa kazi ukiwa na ruhusa ya DHS (Wizara ya Usalama wa Ndani) tu. Peke yake haitoshi. Usimwambie mwajiri wewe ni raia, hata kwa kuweka alama kwenye kisanduku cha fomu. Kujifanya raia ni kosa ambalo karibu halina msamaha.

Niende kumwona mama kabla haijaisha?

Fikiri mara tatu. Ruhusa ya kusafiri ya TPS (fomu I-131) haikuhakikishii kurudi, na TPS ikifutwa ukiwa Eastleigh au Juba umefungiwa nje. Tangu Juni 2025 raia wa Somalia wamezuiwa kuingia Marekani kwa tangazo la rais, isipokuwa wachache, na Aprili mwaka huohuo viza za wenye paspoti za Sudan Kusini zilifutwa. Mwenye amri ya zamani ya kuondolewa asiguse uwanja wa ndege kabla wakili hajasoma faili.

Nikiamua kuondoka mwenyewe?

Ondoka kwa hesabu. Aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, akitoka anafungiwa miaka 3. Mwaka au zaidi, miaka 10. Siku za TPS hazihesabiwi, za kabla ya kutimiza miaka 18 hazihesabiwi, na kwa kawaida siku za ombi la hifadhi la kweli lisiloamuliwa nazo hazihesabiwi. Lakini siku ulizokaa kabla ya kupata TPS zinaweza kuwa zimeshajaa, na adhabu huanza pale unapovuka mpaka kutoka.

Mwenye kesi mahakamani asiondoke kimyakimya, hata kwa programu ya simu ya serikali inayoahidi nauli na pesa. Kikao kikifika hayupo, jaji huweza kuamuru aondolewe, na amri hiyo humfuata kila ubalozi. Aombe kwanza kesi ifungwe au aruhusiwe kuondoka kwa hiari, ambako akiomba mapema hupewa hadi siku 120.

Nyaraka gani niweke, na wapi?

Seti mbili, moja kwako, nyingine kwa mtu mwenye karatasi imara usiyeishi naye. Ndani yake: barua zote za kukubaliwa TPS tangu ya kwanza, kadi za kazi za zamani (usizitupe), paspoti hata iliyokufa, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, rekodi za mahakama, na ripoti za kodi za kila mwaka. Ongeza uthibitisho wa kuishi hapa: mkataba wa nyumba, bili, hati za mshahara, kadi ya chanjo ya mtoto. Panga kwa mwaka. Tangu Januari 2025 serikali imekuwa ikitaka kuwaondoa haraka bila jaji walioingia bila kukaguliwa wasioweza kuonyesha wamekaa miaka miwili, na ingawa jambo hilo limepingwa mahakamani, nakala chache za ushahidi huo ziwe ndani ya mfuko wako.

Kuhusu paspoti mpya: anayeomba hifadhi kwa sababu anaiogopa serikali ya kwao asikimbilie ubalozini kuihuisha bila kumwuliza wakili. Ofisa atauliza, unaiogopaje serikali uliyokwenda kuiomba paspoti?

Ukihama nyumba, ijulishe USCIS ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, na mahakama ndani ya siku 5 za kazi kwa fomu EOIR-33 kama una kesi. Moja haitoshelezi nyingine. Amri nyingi za kuondolewa hutolewa kwa watu ambao wito wao ulikwenda kwenye anwani ya zamani.

Watoto wangu ni raia. Nifanye nini kwa ajili yao?

Chukua paspoti zao sasa. Kwa aliye chini ya miaka 16, fomu ni DS-11, wazazi wote wawili wafike na mtoto. Mmoja akishindwa, anasaini DS-3053 mbele ya notari na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake. Paspoti hudumu miaka 5. Mzazi mmoja akishashikwa, saini yake kuipata ni kazi ngumu, ndiyo maana hili halingoji.

Andika mamlaka ya kumruhusu shangazi au rafiki kumchukua mtoto shuleni, kumpeleka hospitali na kumsainia. Kila jimbo lina fomu na masharti yake, na nyingi zina muda maalumu. Badilisha pia ile karatasi ya shule ya watu wa kupigiwa simu: mara nyingi ina jina la mtu aliyehama zamani.

Nani anisaidie? Kuna mtu mtaani anajaza fomu kwa dola 300.

Kenya na Tanzania notari huwa ni wakili. Marekani notari ni mtu wa kushuhudia saini tu, haruhusiwi kukushauri sheria. Wanaoruhusiwa ni wakili mwenye leseni, ambayo unaweza kuikagua kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria katika shirika linalotambuliwa. Orodha yao iko kwenye tovuti ya mahakama za uhamiaji. Dai mkataba wa maandishi, risiti, na nakala ya kila kilichotumwa. Asiyetaka kusaini sehemu ya mwandaaji kwenye fomu, ondoka kwake. Usisaini fomu tupu wala usiyosomewa kwa lugha unayoielewa.

Maofisa wakibisha mlangoni?

Anwani yako wanayo, uliiandika mwenyewe kwenye I-821, fomu ya kuomba TPS. Usifungue. Waombe wapitishe hati chini ya mlango au waionyeshe dirishani. Hati inayowapa haki ya kuingia nyumbani imesainiwa na jaji wa mahakama. Iliyosainiwa na ofisa wa uhamiaji, kwa kawaida fomu I-200 au I-205, si ya jaji. Wakiingia kwa nguvu, usishindane nao. Sema hukubali wakague, sema unataka wakili, kisha nyamaza. Usidanganye, usitoe hati bandia, usisaini kitu.

Aliye na miaka 18 au zaidi anatakiwa kisheria kutembea na hati yake ya usajili, kama kadi ya kazi au I-94 (rekodi ya kuingia nchini), ikiwa anayo.

Nikishikwa, ndugu watanipataje?

Wawe na namba yako ya A na nchi uliyozaliwa, kwa sababu mfumo wa ICE, idara inayokamata na kuondoa wahamiaji, wa kutafuta waliozuiliwa huuliza hivyo viwili. Wachague nchi ileile iliyo kwenye faili: aliyezaliwa Dadaab lakini faili linasema Somalia hatapatikana akitafutwa kama Mkenya. Bila namba, hutafuta kwa jina, na hapo herufi lazima zilingane: Abdi Mohamed na Abdi Mohammed ni watu wawili kwa mashine. Jina huweza kuchelewa kuonekana, hasa mtu akiwa anahamishwa, basi warudie kila saa chache na wapige simu ofisi ya ICE ya eneo hilo. Aliye chini ya miaka 18 hatafutwi humo.